Neno Lililopigwa Marufuku kwa Mama Hakimu

Mama Hakimu alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mwaka wa kumi na moja sasa, na akiona shati lililokunjwa ovyo alikuwa anaumwa kichwa kweli kweli. Hakimu ni binti yake wa miaka kumi na tano. Daktari alisema ni usonji. Majirani ndio waliompachika jina, kwa sababu ukisema uongo mbele yake, hata ule mdogo wa adabu, anakuhukumu papo hapo. "Umesema umeshiba. Mbona unatazama sufuria?"

Nyumbani kwao kulikuwa na neno moja marufuku: nakuja. Sote tunalisema tukiwa tumeshashika kitasa, tumempa mtu kisogo, tunakwenda zetu. Baba yake Hakimu alilisema asubuhi moja, binti akiwa na miaka sita. "Nakuja sasa hivi." Akaingia mitini hadi leo. Mtoto alivuta kigoda dirishani akangoja, kwani si ameambiwa? Alingoja miezi minne. Mama yake alimlisha hapo hapo kigodani, na hapo ndipo alipoapa kwamba hatampenda tena mwanamume mwenye miguu.

Mwaka huu mashine kubwa ya kufulia iliharibika, tajiri akafunga kazi wiki mbili. Dada yake Mama Hakimu, msimamizi wa nyumba ya wageni kando ya ziwa, akapiga simu. "Njooni, chumba cha mwisho kimetulia, hakuna redio. Ukibaki huko utafanya nini, utapiga pasi mapazia?" Mama Hakimu alifika, akakagua shuka, akaomba pasi. Dada mtu akaificha.

Asubuhi ya pili mgeni mmoja alikalia kiti cha Hakimu mezani. Alikuwa mpima ardhi, mrefu, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu nyuma, na shati lake lilimsikitisha Mama Hakimu kuanzia kola mpaka pindo.

"Hicho kiti changu," Hakimu akasema.

Mama akajiandaa kuomba radhi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili duniani. Lakini Bwana Mpima alikwisha simama. "Samahani, sikujua. Mimi nikae kipi?" Akaonyeshwa, akakaa, wakala mkate. Mambo yangekuwa mazuri kabisa, kama asingenyanyua begi lake na kuwaaga kwa tabasamu: "Haya, nakuja."

Hakimu alisimama getini tangu saa mbili. Hakula, hakukaa, alikataa hata kofia. Bwana Mpima aliporudi saa kumi na moja jioni, Mama Hakimu alimpa vidonge vyake kabla hajatua begi. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti.

"Nilisema nakuja, kumbe nilikuwa naondoka. Nimekosea."

"Umekosea kwa saa tisa," Hakimu akasema, akaenda kula.

Kuanzia kesho yake mtu mzima yule aliaga kama anayesoma ratiba. "Naondoka. Nitarudi saa kumi na nusu." Na saa kumi na nusu viatu vyake vilisikika barazani. Siku ya mvua kubwa alifika amelowa chapachapa, dakika mbili kabla ya wakati. Siku ya sita Hakimu alikuwa anamshikia ncha ya tepu, wanapima baraza kwa mara ya nne, na mama mtu alikuwa ameshaigundua pasi ilipofichwa. Alilinyoosha lile shati polepole kuliko kazi ilivyotaka. Alipomrudishia, vidole vyao vikakutana juu ya kitambaa chenye joto, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Alimsimulia habari za kigoda, naye akamsimulia habari za marehemu mkewe. Walicheka pia, mpaka Mama Hakimu akaishangaa sauti yake mwenyewe.

Siku moja kabla ya kuondoka na binti yake, Mama Hakimu alimfuata Bwana Mpima jikoni.

"Nakuomba kitu kimoja. Kesho usituahidi chochote. Wewe utasahau. Sisi hatusahau."

"Na nisiposahau?"

"Wote husema hivyo."

"Sawa. Siahidi."

Na kweli, asubuhi alisema "safari njema" tu, basi. Mama Hakimu akapanda gari akiwa amepata alichokiomba, na hajawahi kuchukia kitu namna ile.

Kazini wenzake walidhani anaumwa. Akipata shati la mikono mirefu alishika kola akasahau pasi, mpaka mwenzake apige kelele, "Wee, unaunguza!" Kila saa kumi na nusu masikio yalimsimama yenyewe. Tusionee haya, tuseme tu: alimtamani mtu yule, na shati lake baya, na saa zake zisizopinda. Dada yake alikuwa na namba ya simu. Alikatazwa kuitaja.

"Wewe humngoji Bwana Mpima?" alimuuliza binti yake siku moja, akikitazama kigoda kilichokaa kona.

"Hakusema atakuja."

Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na lilimchoma siku nzima.

Jumapili ya tano alikuwa ananyoosha sare ya shule. Hakimu alisimama dirishani.

"Bwana Mpima yuko pale bombani."

Mama akataka kucheka, kisha akakumbuka kwamba binti yake hana utani. "Anafanya nini?"

"Anahesabu hatua. Siku ile ya kuondoka, ulipokuwa unafunga mizigo, aliniuliza tunakaa wapi, nikamwambia mtaa, na bomba, na hatua arobaini na mbili."

"Na hukuniambia!"

"Ulimkataza kuahidi. Kuuliza si kuahidi."

"Hodi!"

Mama Hakimu alisimamisha pasi, akajishika kitambaa cha kichwa. Angeweza kunyamaza. Mtu asipojibiwa huondoka, na hakuna ambaye angekuwa amevunja ahadi yoyote. Angerudi kwenye sare yake, na kesho saa kumi na nusu ingefika kama kawaida.

"Hodi jamani!"

"Nakuja!"

Lilimtoka lenyewe, baada ya miaka tisa. Akageuka upesi, akitegemea kumkuta Hakimu ameziba masikio. Hakimu alikuwa anaitazama miguu ya mama yake, jinsi inavyokwenda mlangoni.

"Hiyo kweli," akasema.