Niliposema Kwetu Hakuna Kifafa

Kina mama, shikamooni wakubwa, na nyie wenye matumbo poleni na mzigo. Mimi ni Sekela, mtu wa Tukuyu, sasa wa Bladensburg, huku ughaibuni. Nimeombwa niwasimulie jinsi nilivyougua kifafa cha mimba nikapona. Nitasimulia. Ila ugonjwa wangu ulikuja na mwenzake anayeitwa wivu, na nikimficha huyo nitakuwa nimewadanganya nyie kama nilivyomdanganya daktari.

Kabla ya hapo nilikuwa na nguvu zangu. Nilikuwa natunza wazee huku Annandale, nawanyanyua, nawaogesha, narudi nyumbani napika ndizi na nyama, mume wangu Elia anakula mpaka analegeza mkanda. Tulikosa mtoto tu. Miaka minne ya ndoa, kila mwezi nalia chooni, bomba nimelifungulia nisisikike. Halafu mimba ikashika. Niliijua siku niliyonusa vitunguu nikatapika kwenye sinki. Nikasema, haya, na mimi sasa nimo.

Furaha yangu ilidumu siku tisa. Siku ya kumi alikuja wifi yangu Tabitha, mdogo wake Elia, akakaa kwenye kochi langu, akasema, "Wifi, na mimi ninayo." Ndoa yake ilikuwa na miezi minne. Mimi miaka minne, yeye miezi minne. Nilimkumbatia, nikampa soda. Moyoni nikasema, huyu hakuweza kuniachia hata mwezi mmoja wangu peke yangu.

Tabitha anafanya kazi ofisini Arlington na Kiingereza chake kinateleza. Changu ni cha kuogeshea wazee: geuka, inua mkono, umekula? Basi Elia akaamua Tabitha anisindikize kliniki siku ya kwanza, anitafsirie. Sikutaka, lakini ningesema nini? Nesi akauliza maswali mengi, kisukari, upasuaji, sigara. Halafu akauliza kitu, Tabitha akanigeukia. "Anauliza kama kwenu kuna kifafa cha mimba. Mama, dada, yeyote."

Sasa nyie mnajua neno hilo linavyokaa kwetu. Elia alipotuma mshenga, ndilo swali waliloleta: kwenu hakuna kifafa, hakuna ukoma? Na kwetu kilikuwepo. Dada yangu Tumpe alianguka akijifungua, akapata degedege, mtoto akafa, yeye akabaki. Mtaani hawakusema cha mimba. Walisema kifafa, basi, na wachumba wakaanza kupita mbali na nyumba yetu. Ndiyo maana baba zangu wadogo walimjibu mshenga wamekaza uso: hakuna.

Na leo anayeniuliza ni dada wa mume, amekaa anashika tumbo lake ambalo hata halijachomoza. Akilini niliiona simu inapigwa kwa mama mkwe kabla sijavaa viatu. Nikasema, "Kwetu hakuna kifafa." Tabitha akatafsiri, nesi akaandika, tukaenda kwenye swali jingine.

Mwezi wa sita wa mimba miguu ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki hapo linakutazama. Pete ya ndoa ikagoma kuvuka, nikaitoa kwa sabuni. Mama mkwe alikuwa anapiga simu ya video kila Jumapili. Kwa Tabitha anasema, "Simama nikuone, mwanangu. Geuka upande." Kwangu anasema, "Sekela, mbona sura imejaa hivyo? Unakula chumvi sana?" Nilicheka. Nikikata simu naitupa kitandani kwa hasira.

Kliniki wakakuta presha imepanda. Daktari akaniambia nirudi baada ya siku tatu bila kukosa. Siku hiyo ya tatu ilikuwa bebi shawa ya Tabitha, ile shughuli ya kumpa mjamzito zawadi za mtoto. Niliwaza, nisipokwenda watasema nina husuda, nikienda nikasema naumwa watasema namharibia shughuli yake. Sikwenda hospitali. Wala Elia sikumwambia, kwa sababu angemwambia dada yake.

Siku ile niliamka na kichwa kinauma nyuma ya macho kama kimepigiliwa msumari. Nikameza vidonge, nikaenda kwa Tabitha kupanga sambusa. Chini ya chembe cha moyo palikuwa panabana, nikadhani ni gesi. Machoni naona vimulimuli. Tabitha alikuwa amevaa gauni la njano na viatu vya mikanda, vifundo vyembamba kama vya msichana wa shule. Nilivitazama vile vifundo na, Mungu anisamehe, nilivichukia. Mama mmoja akasema, "Huyu atazaa kama anapiga chafya." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia.

Mengine nimeambiwa. Nilianguka na sinia. Nilikakamaa, nikatoa povu lenye damu kwa sababu nilijing'ata ulimi, nikajikojolea kwenye kapeti lake. Wageni walikimbia huku na huku, mmoja akataka kunitia kijiko mdomoni. Tabitha akamsukuma mkono. Akapiga magoti na mimba yake ya miezi saba, akanilaza kwa ubavu, akaita gari la wagonjwa, akawa ananifuta mdomo kwa upindo wa lile gauni la njano.

Nilipozinduka mwili ulikuwa unawaka kwa dawa waliyonitundikia, ulimi umejaa mdomo, na tumbo limeshonwa. Nilipeleka mkono, nikakuta pametulia. Elia alikuwa pembeni, macho mekundu. "Wa kike," akasema. "Yuko hai. Kilo moja na gramu mia." Nilizaa bila kumsikia mwanangu akilia.

Tulimwita Atupele. Kwetu ni kusema Mungu ametupatia. Alikuwa njiti kabisa, ngozi nyekundu inapitisha mwanga, mpira puani, kofia ndogo inayomzidi. Mapaja yake yalikuwa unene wa kidole changu gumba. Nilikamua maziwa kwa mashine, yakatoka matone ya kufunika kisoda, nesi akayapokea kwa mikono miwili kama nimempa asali.

Tabitha alikuja kila siku akitoka kazini. Anasimama mbele ya kile kisanduku cha joto, anashika kiuno, analia. "Ni mimi, wifi. Nilikuchosha na shughuli yangu. Ni mimi niliyekuponza." Na mimi nilinyamaza. Siwafichi, ilikuwa tamu. Mara ya kwanza yeye ndiye anakosa kitu. Nilimwacha aamini hivyo wiki tatu nzima.

Siku moja Elia akaniambia, "Tabitha hali chakula. Daktari wake amesema mtoto hakui vizuri, apumzike, hataki. Anasema hatapumzika mpaka Atupele atoke." Nilikuwa nimemlaza Atupele kifuani, ngozi kwa ngozi, nasikia moyo wake unakwenda mbiombio. Nikapata picha ya kisanduku cha pili pembeni ya chetu, mtoto wa Tabitha ndani. Kwa kweli, hata kisanduku hicho sikutaka tuwe nacho wote wawili.

Jioni ile alipofika nilimwambia kabla hajanawa mikono. "Tabitha, si wewe. Kwetu kipo. Dada yangu Tumpe alianguka kama mimi, nikaficha. Na siku ya shughuli yako nilitakiwa hospitali, nikaficha pia."

"Wiki tatu, Sekela," akasema. Hakuniita wifi. Akachukua mkoba akaondoka.

Nikamwambia Elia, akatoka nje akazunguka maegesho ya magari kama nusu saa. Aliporudi aliuliza kitu kimoja: "Tumpe mzima?" Nikasema mzima. Akakaa. Kisha nikamwambia daktari mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuogeshea wazee. Hakunigombeza. Alisema wangejua mapema wangenipa kidonge kidogo cha kila siku na kunipima kwa karibu zaidi. Si kwamba kingezuia lazima. Lakini wangekuwa wananisubiri, badala ya mimi kuwaangukia.

Tabitha alikaa siku kumi na mbili bila kuja. Siku aliporudi alikuwa amenenepa usoni, analala, anakula. Alinawa, akaingiza kidole kwenye kiganja cha Atupele, Atupele akakikamata. Akasema, bila kunitazama, "Ungeniachia maiti kwenye kapeti, wifi." Nikasema najua. Akasema, "Sawa. Leta hiyo chupa nikuoshee."

Atupele alitoka baada ya wiki tisa. Wiki iliyofuata Tabitha akajifungua Joshua, kilo tatu na nusu, tarehe ileile waliyomwambia. Tuliwalaza kitanda kimoja. Wa jana alikuwa mkubwa kuliko wangu wa miezi miwili. Niliumia, nikasema kwa sauti kwamba naumia, na Tabitha akasogeza mto ili mwanawe asimwangukie wangu.

Leo Atupele ana mwaka na miezi miwili. Anasimama kwa kushika kiti, na meno yake manne yananing'ata nikimnyonyesha. Presha yangu bado nameza dawa. Namshukuru Mungu, nawashukuru manesi, namshukuru Tumpe ambaye nilimpigia kumwomba radhi, akanijibu, "Mimi nilishazoea, mdogo wangu. Wewe usizoee." Nanyi nawaomba: kichwa kikigoma kupoa, macho yakiona vimulimuli, uso ukijaa, nenda siku hiyohiyo. Na wakikuuliza ya kwenu, sema, na kama mtafsiri ni wifi, omba mwingine.

Tabitha ni yule pale mstari wa pili. Ana mimba nyingine, miezi saba. Tazameni vifundo vyake. Asubuhi kabla hatujatoka nimempima presha kwa mkono wangu, mara mbili, kwa sababu ya kwanza sikuiamini. Ni nzuri kuliko yangu ya siku zote. Nimeona wivu, kina mama, halafu nikaiandika presha yake kama ilivyo.