Lebo ya Mkono wa Kushoto

Je, koti likiondolewa lebo iliyo mkononi, linabaki kuwa koti lilelile? Nilisomea falsafa chuo kikuu, nikatunukiwa shahada, na bado swali hili limenishinda. Wenzangu darasani walihangaika na nafsi na kifo. Mimi nimeingia miaka ya arobaini pamoja na kitambi chake, na kinachonihangaisha ni kipande cha kitambaa kisichozidi kidole gumba.

Koti lenyewe ni la suti ya kijivu, sufu nyepesi, kazi ya mbunifu mmoja wa Italia. Niliipata Gikomba, soko la mitumba, kwa mwanamke anayeniwekea kamera, yaani zile nguo bora zinazotolewa kwanza beli inapofunguliwa, kabla umati haujazitia mikono. Ilikuwa haijawahi kuvaliwa. Mpasuo wa nyuma ulikuwa bado umefungwa kwa uzi mweupe, mifuko imeshonwa midomo, na kwenye mkono wa kushoto, karibu na vitufe, ilikaa lebo nyeusi yenye jina la mbunifu kwa nyuzi za dhahabu.

Katika mitaa yetu ya Eastlands, Nairobi, lebo hiyo haitolewi. Mwanamume huivaa kanisani, harusini na matangani, na akitaka kutazama saa huunyoosha mkono taratibu ili wenzake wapate nafasi ya kusoma. Suti isiyo na lebo huhesabiwa kuwa ya kuazima, au ya marehemu.

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kutazama video. Kila jioni, katika nyumba yetu ya orofa ya tatu mtaani Umoja, bwana mmoja mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta alinifundisha kupitia simu kanuni za mavazi ya kiungwana, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Kitufe cha chini hakifungwi kamwe. Soksi hufuata rangi ya suruali, si ya viatu. Kitambaa cha mfuko wa kifuani hakifanani na tai. Na lebo ya mkononi, alisema huku akifumba macho kwa uchungu, ni ya muuza duka. Huondolewa siku ya kwanza.

Kuzitii kanuni hizo Umoja si kazi rahisi. Kila niliposhuka ngazi, jirani mmoja au mwingine alinisimamisha akanifunga kitufe cha chini, kwa huruma ileile anayoonewa mtu aliyesahau zipu. Mama wa orofa ya pili alikichomoa kitambaa changu cha hariri kifuani, akampangusa mwanawe kamasi, akakirudisha na kukipigapiga kikae vizuri.

"Asante, mwalimu," akasema. "Wewe huwa umejipanga."

Mimi si mwalimu. Nadhani ni tai iliyomdanganya.

Ikatokea kwamba mdogo wangu akataka kuoa binti wa mtaa wa Kaloleni. Tulipangiwa kwenda kwao kujitambulisha Jumamosi asubuhi, nami nikateuliwa kuwa msemaji wa upande wetu kwa sababu mbili ambazo mdogo wangu alizitaja bila kuzipamba: nimesoma, na nina suti. Nilijua jinsi alivyompenda msichana huyo. Alikuwa ameacha hata kubishana kuhusu mpira.

Ijumaa asubuhi, nikijiandaa kwa heshima hiyo, nilichukua mkasi wa kucha, nikakata uzi wa mpasuo, nikaifungua mifuko, na mwisho nikaing'oa lebo. Niliitia kwenye takataka, na wazoa taka wakapita kabla ya adhuhuri. Nililipiga koti pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, kama alivyoelekeza bwana wa masharubu, nikajiona nimekuwa mtu mwingine.

Jioni mdogo wangu alikuja kunikagua. Alinizunguka mara kadhaa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akaushika mkono wangu wa kushoto. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Bro. Iko wapi?"

"Nini?"

"Lebo."

"Imeondolewa, kama inavyopasa. Lebo ya mkononi ni ya muuza duka."

"Nani amesema?"

Nilimwonyesha bwana wa masharubu kwenye simu.

"Huyu ndiye atatulipia mahari?"

Ndipo akanieleza habari za baba wa binti, mstaafu wa reli, ambaye makoti yake yote yana lebo na yote yako kabatini kwa mpangilio wa umri. Mzee huyo, alisema, huwapokea wageni mlangoni. Anakusalimia kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wake mwingine anaukamata wako wa kushoto, anaugeuza, anasoma.

"Kuna jamaa walikuja kumuulizia dada mkubwa wa huyo msichana," akasema. "Msemaji wao alikuwa na suti safi, lakini mkononi hakuna kitu. Mzee akawaambia, 'Rudini mkiwa na mwenye suti.' Wakaenda. Hawajarudi."

"Hizo ni hadithi tu."

"Dada mtu bado yuko nyumbani, bro. Ndiye atatupikia chai kesho."

Mke wangu, aliyekuwa akichagua mchele sebuleni, alikuja akasimama mlangoni na sinia lake.

"Shemeji, usilie kwenye shuka zangu. Nimezifua leo."

"Silii, shem."

"Unalia."

Tulijaribu koti la mdogo wangu, ambalo lilikuwa na lebo kubwa ya kutosha kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye ni mwembamba. Liliingia hadi kwenye viwiko, likakwama hapo, na ilibidi wanivue wawili, mmoja akivuta na mwingine akinikanyagia mguu nisifuate. Baada ya hapo tuliipekua nyumba kutafuta lebo yoyote. Ya taulo ilikuwa na picha ya bata. Ya godoro ilijaa maelezo ya namna ya kuligeuza. Mke wangu ndiye aliyeinama dirishani, akapindua ukingo wa pazia, akasema kwa utulivu, "Hii je?"

Ilikuwa nyeusi, nyuzi za dhahabu, na juu yake neno refu la kigeni lenye nukta mbili juu ya herufi moja. Hakuna aliyeweza kulitamka. Ilikuwa nzuri kuliko ile niliyoitupa.

Nilikataa. Nilisema hilo lilikuwa kinyume cha kila kitu ninachokiamini.

"Unaamini nini, baba?" mke wangu akauliza. "Soksi?"

Nilianza kumfafanulia tofauti kati ya umbo na pambo. Nilikuwa nimefika kwa Wagiriki mdogo wangu aliponikatiza, na safari hii hakuwa akitania.

"Bro, mimi nampenda huyo msichana. Wewe unapenda kitufe."

Nikamwambia aende akalale, nitaishona mwenyewe.

Asubuhi nilikaa dirishani, nikaifumua lebo ya pazia, nikaishona mkononi kwa mishono midogo isiyoonekana, kwa kuwa hata kosa lina namna yake ya kiungwana. Tukaenda Kaloleni. Mzee alikuwa amesimama mlangoni katika suti ya kahawia, na jua limeshaanza kuchoma. Alinipa mkono wa kulia. Kabla hajautafuta wa kushoto, niliunyoosha mwenyewe mbele ya macho yake, lebo ikimeremeta.

Alivaa miwani. Alisoma herufi kwa herufi, midomo ikitembea, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Hii ni ya wapi?"

"Ng'ambo, mzee," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Alipitisha kidole juu ya zile nyuzi, akaguna. Kisha akaniachia mkono, akasogea kando ya mlango, na mdogo wangu akapita mbele yangu bila kuningoja.