Njahi za Nyumba ya Kioo

Jirani yangu hapa nje ya Nyeri amejenga kibanda cha plastiki cha kuoteshea miche ya pilipili hoho, na kila nikiingia kumsalimia, harufu ile hunipiga usoni: udongo moto uliolowa, majani yanayotoka jasho, hewa nzito isiyojua kwamba nje kuna baridi ya mlima. Nikifumba macho, jirani hudhani nasifu pilipili zake. Wapi! Mimi wakati huo nina miaka tisa, nimevaa viatu vya shule vinavyonibana, na Cucu, mama mzaa baba, ananitia aibu mbele ya watu.

Msinifikirie vibaya kwa hilo neno aibu. Nitawaeleza yote, hata pale nisipopendeza, maana nimechoka kusikia watu wakiisifu bustani ile ya mji utadhani ilijiotea yenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Bustani ilikuwa bado vilevile walivyoiacha wazungu. Ua wa miti ulikatwa sawasawa kama uliopigwa rula, waridi zililala katika vitanda vya mviringo, na njia zote zilipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nyasi zilikuwa fupi na laini na hazikulishwa mbuzi hata mmoja, jambo ambalo Cucu aliliona kuwa wazimu mtupu. Katikati ilisimama nyumba ya kioo, ambayo watoto wa shule yetu tuliizungumzia kama vile wengine wanavyozungumzia ikulu. Langoni palikuwa na kibao: Usikanyage nyasi. Usichume maua.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka hospitalini. Mama alikuwa amejifungua ndugu yangu, naye Cucu alimpelekea njahi, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe ukingoni, zimepondwa na ndizi mbivu. Kwetu mwanamke aliyejifungua asipolishwa njahi, mama mkwe wake atasemwa mpaka wajukuu waote mvi. Basi Cucu alizileta, lakini kwa kununa. Alikuwa amezinunua soko la Karatina, na njia nzima alilalamika. "Hizi ni za watu," alisema. "Zangu zilikuwa tamu."

Za kwake ziliteketea pamoja na nyumba yake miaka ya vita vya kupigania Uhuru, watu walipofukuzwa mashambani na kusongamanishwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na mtaro. Hayo niliyajua kama watoto wote walivyoyajua, bila kuuliza.

Tulipotoka wodini nilidhani tunarudi nyumbani. Cucu akasema, "Twende bustani kwanza."

Jamani, nilifurahi! Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba watu wastaarabu hutembea katikati ya njia na kuongea polepole, nami nilikuwa na viatu, nilikuwa na soksi, nilikuwa tayari kabisa kwa ustaarabu. Tatizo lilikuwa Cucu. Alikuwa peku. Kiondo kilikuwa mgongoni, kimening'inia kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, pale palipobonyea kwa miaka mingi ya kubeba. Zaidi ya hayo, mimi ndiye niliyebeba jina lake. Nyaguthii yeye, Nyaguthii mimi, na hata baba alikuwa akiniita maitu, yaani mama. Kwa hiyo kila alichofanya Cucu nilikihisi kama nimekifanya mimi.

Langoni alisimama mtunza bustani, Bwana Makokha, mtu wa upande wa magharibi, mwenye koti la kaki na filimbi shingoni. Alikuwa ameajiriwa na wazungu, na walipoondoka alizishika amri zao zote kama urithi.

"Mama, mzigo inabaki nje," alisema.

"Hii si mzigo," Cucu akamjibu bila kusimama. "Hii ni mgongo yangu."

Akapita. Nikampita Bwana Makokha nikiwa nimeinamisha kichwa, nikijifanya natazama waridi.

Cucu hakutazama waridi hata moja. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya kioo, kama mtu aingiaye jikoni kwake. Ndani ndipo nilipokutana na harufu ile kwa mara ya kwanza. Kwenye kona, mmea ulikuwa umetambaa juu ya nyaya mpaka darini, umejaa maua ya zambarau, na chini yake kulikuwa na kibati chenye jina refu la kigeni. Cucu alisimama mbele yake. Aliushika ule mmea kwenye shina, chini kabisa, akajifuta uso kwa kiganja. Nilidhani ni joto.

Bwana Makokha alitufuata ndani kwa fahari. "Hiyo maua imetoka ng'ambo, mama. Memsahibu aliniachia amri, kila mwaka nipande mbegu yake tena. Nimeimwagilia miaka saba."

"Inaitwa nani?" Cucu aliuliza.

Bwana Makokha aliinama kwenye kibati. Alisoma silabi ya kwanza vizuri, ulimi ukajikwaa kwa ya pili, akarudi mwanzo, akajikwaa tena. Cucu alicheka mpaka akashika nyaya. Halafu, kicheko kikiwa bado kinywani, akaanza kuchuma maganda yaliyokauka na kuyatupa kwenye kiondo.

Filimbi ililia. Ndani ya kioo sauti yake ilikuwa kali ajabu. Cucu alimaliza tawi alilokuwa analo, akatoka nje taratibu, akaketi katikati ya nyasi. Naam, juu ya nyasi zilizokatazwa, miguu imenyooshwa, akaanza kuambua maganda mapajani mwake. Watu walianza kukusanyika njiani. Mimi nilikuwa nimekwisha kusogea mpaka kwenye ua, nimeupa mgongo ulimwengu.

"Wewe mtoto!" Bwana Makokha aliniita. "Huyu ni nyanya yako?"

Ningesema nini? Msinijibu, najua ningesema nini. Lakini nilitazama miguu yake peku juu ya nyasi za ustaarabu, nikatazama soksi zangu.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Cucu hakuinua kichwa. Aliendelea kuambua.

"Nitaita polisi," Bwana Makokha akamwambia. "Hiyo ni mali ya bustani. Ni maua ya ng'ambo!"

Cucu aliinua mbegu moja juu ili kila mtu aione. Ilikuwa nyeusi, na ukingoni ina mstari mweupe. Akina mama watatu waliokuwa wamesimama njiani na mizigo yao walipiga kelele kwa pamoja: "Njahi!" Mmoja akajipiga mapaja. "Ati ng'ambo! Ng'ambo gani, ya mto Chania?" Kicheko kikasambaa, na maskini Bwana Makokha, aliyetoka kwao akiwa hajawahi kuona njahi, akasimama pale na miaka yake saba ya kumwagilia maji chakula cha wazazi.

Lakini kazi ni kazi. Alinyoosha mkono kuchukua kiondo. Hapo Cucu alisimama, akavua kitambaa cha kichwa, akaligusa lile bonde la kwenye paji la uso.

"Unaona hii? Hayo mawe yako meupe, nani alibeba? Ni mimi. Kutoka kule mtoni, na askari nyuma yangu. Leo unaniambia mzigo inabaki nje?"

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Makokha alitazama mawe, akatazama paji la uso, akatazama mawe. "Mama, mimi niliandikwa tu," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Naenda kufunga maji kule nyuma. Nikirudi nisikupate hapa!"

Alikuwa anampa nafasi ya kutoroka. Hata mimi mtoto nilielewa. Watu walimhimiza Cucu, haya mama, haya, kimbia. Cucu aliketi tena.

"Mimi siendi kama mwizi," alisema.

Akamngoja. Bwana Makokha aliporudi, alimkuta palepale, kiondo kimefungwa, mkanda uko kwenye paji la uso. Wakatazamana. Mwishowe mtunza bustani alitangulia mbele, akafungua lango lote, pande zote mbili, lile la kupitishia magari, naye Cucu akapita katikati ya njia akitembea polepole, kama vile mwalimu wetu alivyotaka.

Nilimfuata kwa mbali. Kwenye kona alinisubiri, akanitia mbegu gao zima katika mfuko wa sare. "Beba wewe. Uko na viatu, hakuna mtu atakupekua." Nyumbani alizipanda zote, hakupika hata moja, nami nilikasirika sana kwamba tumeaibika hivyo na mama hakuonja.

Nilizionja mimi, miaka mingi baadaye, nilipojifungua binti yangu wa kwanza. Cucu alikuja amepinda mgongo, akaketi kitandani, akanilisha kwa mkono wake. Zilikuwa tamu kweli. Ndipo aliponieleza.

Siku nyumba yake ilipochomwa, alikuwa na mbegu chache zilizofungwa kwenye pindo la nguo, za kupanda jioni ile. Kijijini hapakuwa na pa kupanda. Lakini kila asubuhi wanawake walipelekwa mjini kwa nguvu, kuchimba bustani ile na kubeba mawe. "Nikafikiria, ni mahali gani hakuna mtu atachoma? Ni kwa mzungu." Basi alipokuwa akipalilia kando ya nyumba ya kioo, alizididimiza ardhini kwa kidole gumba, mbegu saba. Baadaye memsahibu akayaona maua, akayapenda, akahamishia ule mmea ndani. Kazi ya nguvu ilipokwisha, Cucu hakuruhusiwa kuingia tena. Na Uhuru ulipokuja? "Niliogopa nikute hakuna," alisema. "Mpaka mjukuu akazaliwa, nikaona haya, nampokea na njahi za watu."

"Lakini kibao, Cucu," nilimwambia nikicheka na kulia.

"Ilisema usichume. Haikusema usipande."

Akanitilia kijiko kingine kinywani. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Na siku ile nilikusikia, ukisema hunijui." Akanifuta shavu kwa kidole kilekile gumba. "Kula," akasema. "Maziwa haitoki kwa machozi."

Sasa Cucu hayupo. Mwezi uliopita nilikwenda bustanini. Kioo kimekwisha, vimebaki vyuma vyenye kutu, lakini kibao kipya kipo, na mawe ya njia yako palepale, yamepakwa chokaa mpya. Nilivua viatu langoni, vizuri kabisa, vya ngozi, nikapita navyo mkononi. Nikapiga magoti kando ya msingi wa ile nyumba, nikafungua fundo la leso.

Kijana mlinzi alinijia mbio. "Mathe, unatafuta nani hapo chini?"

"Nyanya yangu," nikamwambia, nikiendelea kudidimiza mbegu ya saba. "Huyo namjua."