Pikipiki Moja Haikunoki

Pikipiki kumi na moja za kijiwe chetu cha bodaboda cha Lukozi zilinoki, injini zikafa, ndani ya wiki moja.

Ya Wema tu ndiyo iliendelea kudunda.

Maneno yakaanza. "Wema kaenda kwa mganga." Mimi nikacheka. Wema ni shoga yangu tangu darasa la pili. Dawa anayoijua ni ya mafua.

Naitwa Elinuru, fundi pikipiki. Diploma yangu ya ufundi mitambo nimeitundika ukutani, juu ya spana.

Na mimi ndiye niliyewaambia watie dawa ya injini kwenye oili.

Ni ya kijivu, ina chembe za nano, ndogo mara maelfu kuliko upana wa unywele. Zikisambaa vizuri ndani ya oili, zinajaza mikwaruzo ya chuma na kupunguza msuguano. Niliyasoma hayo chuoni, nikayapenda.

Wema ndiye aliyeileta. "Shoga, kuna jamaa wa Tanga anatafuta wakala huku. Bila neno lako hakuna atakayenunua."

"Neno langu silitoi hivi hivi. Napima kwanza."

Nikapima. Pikipiki mbili za aina moja, njia moja, Lukozi hadi Lushoto, mwezi mzima. Ya Dula, mwenyekiti wa kijiwe, oili peke yake. Ya Wema nikaimiminia dawa kwa mkono wangu.

Ya Wema ikanywa petroli kidogo mno. Nikaandika ripoti, nikasaini, nikaibandika kijiweni. Wenzake wote wakanunua dawa kwa Wema.

Sasa nafungua injini za watu, nakuta tope la kijivu limeziba chujio la oili na pistoni zimechubuka. Chembe zimegandamana. Badala ya kulainisha, zimekuwa msasa.

Mbona kwa Wema, mwezi mzima, hazikugandamana?

Akapita Mama Sabra, muuza karoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wema yuko wapi? Mimi sipandi kwa mwingine. Tukifika mteremko wa Magamba anazima injini, tunaserereka kimyaa mpaka Lushoto. Hata ndege nawasikia."

"Tangu lini?"

"Eeh! Si tangu mwezi ule mliokuwa mnapima sijui nini."

Kumbe petroli iliokolewa na mteremko, si na dawa.

Jumamosi kijiwe kikakutana. Kabla sijafungua mdomo, Wema akaniwahi, ripoti mkononi.

"Mimi muuzaji tu jamani. Someni hapa chini. Sahihi ya nani hii? Mwenye diploma yake huyo!"

Wakanigeukia. "Fundi, umetumaliza!" "Watoto tuwapikie diploma?"

Nikamtazama Wema. Hakukwepa macho. Hapo ndipo paliponichoma: alishajiandaa kwa siku hii.

Nikachukua spana, nikapiga goti kando ya pikipiki yake.

"Usiguse chombo changu!"

"Dula, shika beseni."

Nikafungua nati ya chini. Oili ikatoka rangi ya asali. Hata tone la kijivu halikuwemo.

"Ile niliyokumiminia uliimwaga lini?"

Akaniinamia. Kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu: "Siku ile ile. Hii pikipiki ndiyo inanilisha, Eli. Ningewekaje kitu nisichokijua?"

Asichokijua! Kwenye za wenzake kumi na moja alikijua.

Walimfukuza kijiweni pale pale. Nikadhani yameisha. Dula akaweka beseni chini, akajifuta mikono taratibu.

"Na wewe, dada fundi. Mwezi mzima umepima petroli. Injini yake uliifungua hata mara moja?"

Sikuifungua. Ya mtu mwingine yeyote ningeifungua.

Sasa nazitengeneza zote kumi na moja bila malipo. Ninapoandika haya, ya tano iko mbele yangu, vipande vipande.

Ndugu msomaji, rafiki akikuomba uweke jina lako juu ya kitu chake, mkague kama unavyomkagua mgeni. Akikasirika, shukuru. Utakuwa umemjua mapema kuliko mimi.