Dungu la Ghorofa ya Nne

Mimi nauza kamba. Duka langu liko Kariakoo, upande wa kuelekea Msimbazi, na ukitaka kamba ya kufungia mzigo wa lori, ya kuvutia ndoo kisimani au ya kuanikia nguo, nitakupa bila kuinua macho. Nalisema hili mapema ili aibu yangu ionekane ilivyo. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeuza kamba, na fundo moja lililonihusu mimi mwenyewe sikulijua.

Habari ilianza na mfuko. Sisi tuliotoka bonde la Rufiji tuna mfuko wetu hapa mjini, wa kuchangiana ili kutunza mambo ya kwetu. Tunakutana Jumapili juu ya paa la nyumba ya ghorofa nne, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, ambazo, sijisifu, zimetoka dukani kwangu. Mfuko huo umeshazungushia ua makaburi ya zamani yaliyokuwa yanakanyagwa na ng'ombe, na umerekodi nyimbo za wapiga makasia kabla wazee wanaozijua hawajatutoka. Mwaka huu Mwenyekiti, mstaafu wa bandarini anayependa mambo yaende sawasawa, alileta wazo jipya. Tujenge dungu kijijini, libaki kama kumbukumbu, watoto wa shule wapelekwe kulitazama.

Dungu ni kibanda kinachosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga. Zamani mto ulipofurika, familia zilihamia humo msimu mzima kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, maji yakipita chini ya sakafu. Wengi wetu pale juu ya paa tulikuwa tumesikia tu. Kwa hiyo tukakubaliana fundi atengeneze kwanza la mfano, hapohapo juu, tulikosoe, ndipo lifunguliwe vipande na kupakiwa kwenye lori.

Lilikamilika kwa wiki moja, na kwa kweli lilipendeza. Nguzo zilipigwa randa, sakafu ya mbao ikapigiliwa misumari, juu makuti. Ukikaa mlangoni unaona wapagazi wanavyopishana na mikokoteni huko chini. Nililizunguka mara tatu, nikachungulia uvunguni, nikamuuliza fundi maswali mpaka akajifanya anatafuta nyundo. Ndiyo tabia yangu. Mama huniita mpekuzi, na halisemi kwa mapenzi.

Mama yangu ndiye mwanachama pekee aliyebaki ambaye aliwahi kuishi kwenye dungu akiwa mtu mzima. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia umelala, na yeye aliyekuwa akisuka ukili kutwa nzima sasa hukaa dirishani tu. Kutoka hataki. Mwenyekiti alikuja nyumbani mwenyewe kumbembeleza, na Jumapili ile tukampandisha ngazi zote akiwa kwenye kiti, wapagazi wawili wakimbeba, mimi nyuma na fimbo yake.

Alilitazama lile dungu kuanzia nguzo hadi makuti.

"Mtalipandishaje?" akauliza mwishowe.

Mwenyekiti akaanza kumweleza habari za lori.

"Sisemi lori mimi. Maji yakipanda, sakafu mtaipandishaje? Mmeigongelea misumari."

Ndipo akatueleza kwamba dungu halipigiliwi, linafungwa, kwa kamba za magome ya miti. Maji yakizidi, unafungua kona moja, unainua boriti, unaifunga juu zaidi, kisha unakwenda kona ya pili. Msimu ukiisha unafungua lote, nguzo unazilaza mpaka mwakani, na kila fundo sharti lifunguliwe na mkono uliolifunga. Kuondoka ukaliacha dungu limefungwa ilikuwa aibu, kama kuondoka msibani bila kuaga.

"Lakini mama," Mwenyekiti akasema kwa adabu, "sisi tunataka lidumu."

"Basi jengeni benchi la saruji."

Watu walicheka, naye Mwenyekiti akacheka, lakini nilimwona anajikuna kisogo. Akasema yuko tayari kung'oa misumari yote, ila lori linaondoka Ijumaa. Akipatikana wa kuonyesha hilo fundo kabla ya hapo, dungu litakwenda na kamba zake. Asipopatikana litakwenda na misumari, na watoto watafundishwa kwamba ndivyo lilivyokuwa. Wote tukamgeukia mama. Alitumia mkono wa kushoto kuuinua ule wa kulia, akauweka mapajani.

"Uliokuwa unajua ni huu," akasema. "Na huu umekufa."

Nilishuka ngazi zile roho inaniuma. Jumatatu nilifunga duka mapema, nikaenda nyumbani na kamba ya katani, nikaketi chini mbele yake, mguu wa meza ukiwa badala ya boriti. Yeye akaelekeza kwa maneno: pitisha chini, rudisha, kunja, sio hivyo. Jumanne vilevile. Fundo likikaza halifunguki, likifunguka halikukaza. Jumatano uvumilivu ukamwishia.

"Hivi wewe si muuza kamba?"

"Nauza, mama. Sifungi."

"Inaonekana."

Nami nilikuwa nimechoka, na nikichoka ndipo nazidi kuuliza. "Kwa nini hukunifundisha wakati mkono ni mzima? Miaka yote hiyo."

Aligeukia dirisha. Nilidhani amenuna, lakini akaanza kusema bila kunitazama. Mwaka wake wa mwisho kule, maji yalipanda kwa kasi ambayo hawakuizoea. Baba alikuwa ameshatangulia Dar kutafuta kazi. Mama alipandisha sakafu mara mbili, peke yake. Asubuhi ya tatu ulipita mtumbwi wa jirani, umejaa watu, akaambiwa ashuke sasa hivi. Akashuka. Dungu akaliacha limefungwa, akaja moja kwa moja mjini, na kule hakurudi tena.

"Bonde la Jangwani likijaa maji watu wanalalamikia barabara," akasema. "Mimi nayafikiria mafundo yangu. Ningekufundisha kwa uso gani?"

Nilimhurumia, nikajilaumu pia, maana maisha yangu yote nimewauliza watu wa nje mambo yao, na huyu nilimuuliza chai na dawa tu. Baadaye likanijia swali moja dogo, la kiufundi, labda kwa sababu makubwa yalinishinda.

"Boriti moja inataka watu wawili. Peke yako uliinuaje?"

"Kwa bega. Na kufunga kwa mkono mmoja."

"Mmoja kwa nini?"

Sasa alinigeukia. "Wa kushoto ulikuwa na mtoto."

Tulitazamana. Nadhani aliliona kabla yangu. Akanyoosha kidole kwenye furushi la nguo pembeni ya kitanda.

"Likumbatie hilo. Kushoto. Ni jepesi, ongeza kitu."

Nikachomeka bunda la kamba ndani ya furushi, nikalipakata. Mkono wa kulia, ulipobaki bila msaidizi, ulilazimika kubana kamba kwa kiwiko, kidole gumba kikatangulia, na ncha ikapita mahali ambapo siku tatu nilikuwa nikiizuia kwa mkono wa pili. Nikavuta boriti yangu ya bandia, fundo likang'ang'ania. Nikavuta ncha, likaachia.

"Usimwangushe," mama akasema, maana furushi lilikuwa linateleza.

Sina ndugu wa tumbo moja, wala sikuwahi kuwa nao. Nililishika lile furushi vizuri.

Alhamisi misumari iling'olewa. Nilifunga kona tatu mbele ya fundi, furushi mkononi, naye akacheka mpaka nilipompakatisha yeye akajaribu. Mwenyekiti alipiga picha na kuandika hatua zote kwenye daftari la mfuko, ikiwemo ile ya mtoto. Mama, aliyepandishwa tena kwa kiti, akaniita kwenye kona ya nne.

Aliomba asimamishwe. Nilimzungushia mkono wangu wa kushoto kiunoni, kwa kuwa hasimami vizuri, na kwa wa kulia nikaushika ule wake uliolala, vidole vyake ndani ya vyangu. Tulifunga pamoja, polepole, na ilichukua muda kwa sababu nilikuwa nalia na sikuona vizuri. Dungu lilisimama hivyo mpaka alasiri, watu wakipanda na kushuka kulitazama.

Kisha lori likafika kupakia kwa safari ya kesho yake, na ikabidi dungu lifunguliwe. Tatu zangu nikazifungua. Kwa ya nne nilimsimamisha mama vilevile, nikavikunja vidole vyake kwenye ncha ya kamba, tukavuta. Fundo likaachia mara moja, boriti ikashuka begani kwa fundi.

Mama aliitazama ile kamba iliyobaki mkononi mwake.

"Haya," akasema. "Sasa nimeshuka."