Sentensi Nne Kuhusu Bosi Wangu

Utanicheka, lakini ngoja nimalize. Ofisini kwetu hapa Dodoma tuna darasa la Kiingereza baada ya kazi. Juzi mwalimu alitufundisha vitenzi vya kumtibua mtu: kukera, kutisha, kuaibisha, kukatisha tamaa. Akataka kila mtu atunge sentensi nne za kweli.

Mimi kwa ujanja wangu nikamwandika bosi, Mama Neema, kwa jina. Ananikera akinirudishia barua mara tatu. Ananitisha akivua miwani. Nikaendelea hivyo hivyo hadi ya nne. Nilijua haji darasani, kwa kuwa Kiingereza chake kimenyooka kuliko cha mwalimu, na barua aliyoipitisha yeye haijawahi kurudi kutoka popote.

Mara mwalimu akapigiwa simu kwamba mwanawe anaumwa. Akakimbilia nyumbani Nkuhungu, madaftari akamwachia Mama Neema asahihishe.

Alianza na langu. Akasoma taratibu, akatia vema moja baada ya nyingine.

“Nne kwa nne, mwanangu,” akasema. “Hii ya kutisha imekaa vizuri kuliko zote. Simama uwasomee wenzako.”

Kisha akavua miwani.