Kiti cha Uji wa Muhogo

Nilipoacha shule nikiwa darasa la sita, sikutoka na cheti. Nilitoka na ngeli. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametuimbisha mpaka zikaganda kichwani: kikombe kimeanguka, kisu kimeanguka, lakini kipofu ameanguka na kiziwi ameanguka, kwa sababu mwenye uhai ni mwenye uhai hata kama jina lake linaanza na ki. Sisi watoto wa Heru Juu tulikosea hapo kila siku. Nyumbani tunasema Kiha, na kwa Kiha mlemavu ni ikimuga, na kitendo chake kinahesabiwa pamoja na vya vitu. Ukiyavusha maneno hayo kuja kwenye Kiswahili bila kufikiri, unasema kimekuja, kimekula, kimelala. Mwalimu alitucheka, nasi tukajicheka, tukaenda kucheza mpira.

Baba alitangulia, mama akamfuata, tukabaki watatu. Mimi mkubwa, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba wetu ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu na hajawahi kukaa. Hospitalini walisema ana mtindio wa ubongo. Mwili wake ulikuwa na mambo mawili: unakakamaa kama ubao, au unalegea kama nguo iliyoloa. Katikati hapakuwepo. Lakini macho yake yalifuata kila kitu, na ukikosea jambo lolote ndani ya nyumba, kama kumwaga maji au kuunguza maharage, yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Niliacha shule nikaanza kufyatua matofali kiangazi na kulima muhogo masika. Kitinda mimba nilimbeba mgongoni kwa kitenge cha mama. Mwanaume kubeba mtoto kwa kitenge ni jambo la kuchekesha huku kwetu, na vijana wa bodaboda pale njia panda walinipa haki yangu yote. Walinipigia honi, wakaniuliza ninatarajia mwingine lini. Niliwajibu kwamba nangoja posa zao. Baada ya mwaka mmoja walichoka. Mimi sikuchoka.

Ng'ambo ya migomba aliishi shangazi, dada yake baba. Kila asubuhi alikuja na bakuli limefunikwa kwa kawa, na kabla hajafika mlangoni aliuliza, "Kimeamka?"

"Ameamka, Shangazi," nilijibu.

"Haya. Kikila, kifute mdomo vizuri, jana kilibaki na maharage shavuni."

"Nitamfuta."

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka sita, yeye na ki yake, mimi na a yangu, mtoto katikati anakula. Nilimwambia mara nyingi kwamba anamsema kama sufuria. Alinijibu kwamba sufuria haimtoi mtu kitandani saa kumi na moja.

Kitinda mimba alipofikisha miaka minane, nilisikia kwamba wazazi wenye watoto kama yeye wanakutana kila Jumatano kwenye kibaraza cha kanisa. Nilimfunga mgongoni, nikaenda. Walikuwa akina mama tupu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku na sasa ni raia, mwenye shamba na genge la nyanya. Binti yake hakutembea. Aliponiona nasimama pembeni akasogeza mkeka.

"Mama mwenzetu, kaa. Umenyonyesha?"

"Maziwa yamekauka, nipeni uji."

Walicheka, wakanipa uji, na tangu siku hiyo niliitwa Mama Mwenzetu. Pale tulifundishana mambo ya kawaida kabisa: namna ya kumnyoosha mtoto mkono bila kumuumiza, namna ya kumlisha akiwa ameinua kichwa asipaliwe, na namna ya kumjibu mtu anayekwambia umerogwa. Kwa hilo la mwisho kila mama alikuwa na jibu lake. La mwenyekiti lilikuwa fupi kuliko yote: "Na wewe ulirogwa na nani hata ukawa na mdomo huo?"

Hapo kibarazani ndipo nilipojua kwamba kuna shule ya msingi upande wa mjini Kasulu yenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Binti wa mwenyekiti alikuwa tayari anasoma huko. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, nilimbeba mdogo wangu mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mama mtu mzima, mgeni wa mkoa huu, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Nilifurahi kumsikia. Alisema "anaitwa nani", "ana miaka mingapi", "anaelewa akisemeshwa?" Nikajiambia hapa tumefika.

Kisha akaniambia, kwa upole, "Tatizo hakai. Siwezi kumlaza mtoto sakafuni darasani, wengine wakamkanyaga. Mlete Januari akiwa anaweza kukaa. Ikipita Januari, mwaka unaofuata atakuwa amepita umri wa kuanza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mlingoti wa bendera. Mtoto aliyeshindwa kukaa kwa miaka tisa alikuwa amepewa miezi mitatu.

Jumatano iliyofuata niliwaeleza wenzangu. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akasema kama kukaa ndiko kunakotakiwa, basi kukaa kutatengenezwa. Kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi kule kambi ya Nduta, na mara mojamoja alishuka kwetu. Alikuwa amewaonyesha akina mama namna ya kutengeneza kiti cha maboksi. Unachana maboksi, unapaka gundi ya unga, unabandika safu juu ya safu, unakandamiza kwa mawe, unaanika. Kikikauka kinakuwa kigumu kama mbao, nacho unakikata kwa kipimo cha mtoto mwenyewe: mgongo wake, nyonga zake, mahali miguu yake inapoishia. Mbele unaweka meza ndogo ya kumzuia asidondoke.

Maboksi tuliyapata kwa mzee mmoja mwenye duka la jumla mjini, ambaye kwa kawaida huyauza. Alipoambiwa ni ya nini, alituambia tuchukue na yale yenye sabuni bado, tumpangie sabuni rafuni kwanza. Unga ndio ulioleta mjadala. Mtaalamu alisema unga wa ngano. Akina mama wakatazamana. Ngano ni ya chapati, na chapati ni ya Krismasi. Muhogo tunao debe kwa debe, na uji wa muhogo ukikaa kwenye sufuria usiku mmoja unaitaka patasi. Tukapika muhogo.

Hatukukosea kuhusu ugumu. Baada ya wiki nane za Jumatano kiti kilisimama, nikakikalia mimi mwenyewe na hakikulia. Tulibakiza kukianika mara ya mwisho. Nilikiweka nje ya nyumba siku yenye jua, katikati ya mvua za Desemba, nikaenda shamba. Niliporudi, mbuzi wawili wa jirani walikuwa wamemaliza mgongo wote na wanaanza kiti chenyewe. Walikula kwa utulivu, kama watu walioalikwa. Kwa nini wasile? Tulikuwa tumewapikia chakula, tukakipanga safu safu, tukakianika.

Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni. Alikuwa ameona tukio lote tangu mwanzo. Alicheka mpaka akakakamaa.

Mimi sikucheka. Zilibaki siku kumi na mbili shule zifunguliwe, na mbingu ilikuwa nyeusi. Shangazi alikuja, akatazama mabaki, akasema nimejisumbua vya kutosha. Alisema, "Kiache kikae nyumbani. Kinakula, kinalala, kinapendwa. Shule ya nini?"

Nilimwambia kwamba hata mimi nilikula, nikalala, nikapendwa, na bado najua siku niliyoacha shule ilikuwa Jumatatu. Nikamwambia pia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, kwamba mdogo wangu si kiti. Aliondoka bila kuaga.

Kesho yake tulianza upya kibarazani, safari hii sio Jumatano tu, kila siku. Mama mmoja alipendekeza tuchanganye pilipili ya kusaga kwenye safu ya juu, tuone mbuzi atafanya nini. Tukachanganya. Kazi ikaisha kwa siku tano, lakini kiti kilikuwa kimeloa na jua halikuonekana. Mahali pekee nilipopajua penye ukavu wa siku zote ni juu ya jiko la shangazi, kwenye dari anapotundika mahindi ya mbegu. Moto wake hauzimiki.

Nilikwenda na kiti kichwani. Nilianza kuomba radhi. Hakuniacha nimalize. Alipanda kwenye kigoda, akateremsha mahindi yake ya mbegu, yote, akayapeleka chumbani kwake chini ya kitanda. Kisha akanyoosha mikono nimpe kiti.

Kwa siku tano, kila nilipopita nilikuta amekigeuza. Asubuhi kilitazama mlango, jioni kilitazama ukuta. Siku ya sita alikipiga kwa kifundo cha kidole, kikatoa mlio wa mlango.

"Kimekauka," akasema.

Kwa mara ya kwanza tulikubaliana.

Jioni hiyo tulimkalisha mtoto. Tuliweka nguo kuukuu kwenye nyonga, tukafunga mkanda wa khanga kifuani, tukaingiza meza. Kichwa kilianguka mbele, kikainuka, kikaanguka, kikainuka. Halafu kikabaki. Alitazama nyumba yetu akiwa amekaa, na nadhani aliiona upya, kwa sababu macho yake yalizunguka kila ukuta, yakarudi yalikoanzia. Kisha akainama akalamba meza. Pilipili ikampata. Alilia, akatutazama tunavyohangaika kutafuta maji, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Usiku ule ule nilikwenda kwa mzee wa duka, akanipa rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango yake. Tukaipaka juu ya pilipili.

Siku ya kufungua shule nilimbeba mgongoni. Mdogo wetu wa kike alibeba kiti kichwani. Shangazi, ambaye hakuna aliyemwambia aje, alitangulia na meza kwapani, kavaa kitenge cha kanisani. Pale njia panda kijana mmoja wa bodaboda aliuliza chombo hicho ni cha nini. Shangazi alimwambia ni cha kukalia, na kama ana shughuli aendelee nayo. Kijana akashuka, akafunga kiti nyuma ya pikipiki yake, akakipeleka taratibu nyuma yetu mpaka getini. Alikuwa mmoja wa wale wa honi.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini. Tulimkalisha mdogo wangu pale kwenye kibaraza cha darasa, mbele yake. Mwalimu alizunguka kiti. Alikigonga. Alimwita mdogo wangu kwa jina, naye akageuza kichwa, akamtazama. Mwalimu akatazama saa yake. Akasema angependa kujua anaweza kukaa hivyo kwa muda gani, maana vipindi ni virefu.

Shangazi akajibu, "Jana kilikaa tangu uji mpaka chakula cha mchana."

Mwalimu mkuu alitabasamu kidogo. "Mama, yeye ni mtu. Tunasema alikaa."

Ni maneno yangu mwenyewe, ya miaka sita, na sikupenda kuyasikia. Shangazi aliweka meza chini polepole, akajifunga kitenge upya kiunoni.

"Mwalimu," alisema, "mimi Kiswahili nilijifunzia sokoni. Nasema kimekaa, lakini nimekiogesha, nimekilisha, na mbegu zangu zimeota ukungu chini ya kitanda ili kiti chake kikauke. Wewe unasema amekaa. Mlango ulioufunga mwezi wa kumi, ulimfungia nani?"

Watoto waliokuwa wakifagia waliacha kufagia. Mwalimu mkuu alimtazama shangazi, kisha akamtazama mdogo wangu, ambaye alikuwa anangoja kama sisi sote, kichwa juu. Akaingia ofisini. Nilidhani ametukatalia. Alirudi na daftari la mahudhurio na kalamu, akaandika jina la mdogo wangu akiwa amesimama, daftari limelazwa kwenye meza ya kijani.

"Kuwe na mtu wa nyumbani kila siku," alisema bila kuinua uso. "Mwalimu ni mmoja."

"Atakuwepo," nikasema.

"Tutakuwepo," akasema shangazi.

Kikundi kiligawana siku. Jumanne na Alhamisi ni zangu. Nakaa nyuma ya darasa kwenye benchi fupi, magoti yakinigusa kidevu, na wakati mwingine mwalimu akiwa na mtoto mwingine mimi ndiye ninayeandika ubaoni. Nyumba ya pili toka kwetu bado wanasema tunapoteza muda. Ni muda wetu.

Ijumaa ni ya shangazi. Ijumaa moja alisahau uji wa mtoto, nikaupeleka kwa baiskeli, nikafika wakati wa kuita majina. Kila mtoto alijibu kwa alicho nacho: mmoja kwa sauti, mmoja kwa kunyoosha kidole, binti wa mwenyekiti kwa kupiga mluzi. Likaitwa jina la mdogo wangu. Alikuwa anautafuta mkono wake, na mkono huwa hauji upesi. Mwalimu alisubiri, kalamu hewani. Shangazi, kwenye benchi langu, hakuweza kuvumilia. Akafungua mdomo, nami nikajua neno litakalotoka, "Kipo", na kule mlangoni na mimi nilikuwa nimeshafungua wangu ili nimwahi kwa "Yupo".

Kiganja kikatua kwenye meza ya kijani. Mara moja, kwa nguvu. Chaki ya mwalimu iliyokuwa juu yake ikaruka ikaanguka sakafuni, na mdogo wangu akacheka.

Mwalimu akaandika. Sisi wawili tukafunga midomo.